Shamba Uliloliacha Lilale

Mama Maduong', mama wa nyumba ya kwanza,

Otieno, mdogo wangu, amepiga simu tena. Anasema trekta ya miwa imefika Lambwe, imeanza kwa majirani, na kabla ya mvua ndefu itakuwa imefika kwetu. Anataka igeuze shamba la gunda, lile shamba lako. Ananingoja mimi tu. Wewe umelala, Baba amelala, na mama aliyenizaa amewafuata. Sasa mimi ndiye mkubwa wa boma, na hakuna anayeweza kutia chuma ardhini kabla yangu. "Omera, ndugu yangu," akaniambia, "kama huwezi kuja, sema neno tu. Nitawaambia watu umefungua kwa simu."

Nilimwambia nitampigia. Bado sijampigia. Nimekaa hapa Timau, mgongo kwenye ukuta wa ghala la mbegu, chai ya saa nne imepoa mkononi, nikaona afadhali niongee na wewe kwanza. Shule niliiacha darasa la saba, kwa hiyo utanivumilia nikiandika vibaya. Wewe nawe hukujua kusoma, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Lakini naandika wazi, yeyote asome, kwa sababu nimechoka kusikia miguu yako nyuma yangu bila kukujibu.

Wewe huhitaji kuambiwa gunda ni nini. Watakaosoma huenda hawajui. Ni mahali palipokuwa boma la watu, wakahama, nyumba zikaanguka, ardhi ikabaki imeshiba samadi na majivu. Mahindi ya gunda hutoka ya kijani mpaka yanakaribia weusi. Gunda letu lilikuwa boma la babu. Pale ndipo Baba alipokuleta ukiwa msichana kutoka Karungu, pale ndipo nyumba yako ya kwanza ilipojengwa. Baadaye Baba akaanzisha boma lake ng'ambo ya kijito, na siku ya kuhamia ilitakiwa mwana wa kiume atembee na jogoo pamoja na mama wa nyumba ya kwanza. Wewe hukuwa na mtoto. Mama alikuwa na mimi. Basi wakanitoa mgongoni kwa mama, wakanipa jogoo, wakanikabidhi kwako. Nimesimuliwa kwamba jogoo alinidonoa nikalia njia nzima, na wewe ukasema, "Lia tu, wuoda, mwanangu. Anayelia ndiye mwenye boma." Tangu siku hiyo nililala kwako, nikala kwako, na mimi nikawa mwanao mbele ya watu.

Nilipoacha shule nikawa mtu wa plau. Unajua nilivyojivuna. Nilikuwa na ng'ombe wawili, Rateng' mweusi na Silwal mwekundu, na hakuna aliyenyoosha mstari kama mimi kutoka kwetu hadi ukingo wa mbuga ya Ruma. Udongo wetu ni mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama, mvua ikinyesha unakuwa kama ugali uliokosa moto. Plau inauogopa. Mimi sikuuogopa. Kila msimu nilianza na shamba lako, kwa sababu wewe ndiwe wa kwanza. Nikishapiga mistari yako, ndipo mama aliponiita kwake, ndipo wajomba na majirani waliponikodisha. Mlio wangu kwenye gunda, ule wa kuwapigia ng'ombe mluzi, ndio uliowaambia watu wote wa boma kwamba msimu umefunguliwa.

Halafu ukaja ule msimu ambao hukuniita.

Tulingoja. Mama alitoka kila asubuhi, akasimama kwenye ua, akatazama gunda. Mabua ya mavuno yaliyopita yalikuwa yamelala chini kama ulivyoyaangusha, hukuyachoma, hukuwalisha ng'ombe. Hakuna mstari. Hakuna mluzi. Mvua ikapiga, ikapiga tena, majirani wakapanda, sisi tumekaa na mbegu ndani ya vibuyu. Kumtangulia mama wa nyumba ya kwanza ni mwiko, na mwiko ule unaua. Baba alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini siku hiyo hata yeye aliinua sauti.

"Nyar Karungu, unataka kutuua kwa njaa? Fungua shamba!"

Ulikuwa unapepeta mtama. Hukuinua kichwa. "Nimeshafungua."

"Wapi?"

"Nendeni mtazame."

Tulikwenda wote, mama mbele. Ulipofika ukainama, ukasukuma mabua kwa mkono, na chini yake mahindi yalikuwa yameshaota, majani mawili mawili, kila moja ndani ya kishimo chake. Ulikuwa umepanda yote kwa jembe dogo, shimo baada ya shimo, chini ya mabua, bila mtu kuona. Kumbe tulikuwa tunamngoja mtu aliyekwisha kupita.

Mama alipiga makofi. "Hebu niambie, mwenzangu. Mtu akija kwako usiku, akalala, akaondoka bila kukuamsha, utasema umepata mgeni?"

"Nitasema nimepata mgeni mwenye adabu," ukamjibu.

Hata Baba alicheka. Lakini msimu ule hapakuwa na kicheko baadaye. Sisi tulipanda mwishoni, jua likatukamata mahindi yakitoa mbelewele, na chakula kilichotuvusha mwaka ule wote kilitoka kwako. Mama alikula chakula chako kwa hasira. Akasema umetumia ukubwa wako kutufungia mlango. Ndipo Baba akaamua lile jambo la mfereji, unakumbuka? Kwamba wewe ulime utakavyo, lakini kila msimu nipige mstari mmoja wa plau, mmoja tu, ili boma lisikie. Ukakubali kwa sharti: mstari ule upite kando ya njia, nje ya ua wa mkonge, usiguse gunda. Basi kila mwaka niliwafunga Rateng' na Silwal, nikawapigia mluzi, nikachora mfereji mmoja usiopandwa kitu, na watu wote wakaenda mashambani. Watoto waliokuwa wakipita waliniuliza, "Jamaa, unapanda nini hapo?" Nikawaambia napanda amani.

Watu walikusema. Nitasema ukweli, na mimi nilikusema. Baada ya mavuno kwetu mashamba yote ni ya ng'ombe wa kila mtu, ndivyo ilivyo tangu zamani, na wewe ulisimama kwenye ua na fimbo, ukiwafukuza ng'ombe wa majirani wasile mabua yako. Yule mzee jirani alisimama njiani na kundi lake akakupigia kelele: "Nyar Karungu! Umeolewa na mabua? Hata kitanda hakilindwi hivyo!" Wewe ukamwambia, "Peleka ng'ombe wako wakale maneno yako, yamejaa tele." Nilicheka, lakini moyoni niliona haya. Na kuna jambo jingine. Majirani kadhaa walipoona mahindi yako hayanyauki jua likiwaka, wakaanza kuja kwako kimya kimya kuuliza unafanyaje. Nao wakaacha plau. Mwaka mmoja nyumba moja, mwaka mwingine nyumba nyingine. Mluzi wangu ukakosa wa kuuita. Silwal akauzwa, halafu Rateng'. Mimi nikaenda Masara kuchimba dhahabu ndani ya mashimo ya watu, kifua kikakataa vumbi, nikapanda basi kuja huku mlimani ambako walisema kuna kazi ya ngano. Sikukulaumu mbele yako. Lakini njia nzima nilikulaumu.

Sasa sikiliza maajabu. Huku nilikokuja hawalimi.

Shamba la mwenyewe huku, ukisimama upande mmoja huoni mwisho. Ngano ikivunwa, majani yote yanaachwa chini, kama yako. Hakuna plau. Msimu ukifika inakuja mashine yenye visahani vya chuma vinavyozunguka, vinapasua majani, vinachana ardhi upana wa kidole, mbegu inaingia, panafungwa. Kazi yangu ni kutembea nyuma ya mashine ile na fimbo, nikitoa majani yanapoziba. Mimi, mtu wa plau, natembea nyuma ya chuma kisichogeuza kitu. Siku ya kwanza nilisimama nikacheka mpaka nyapara wetu, Mutuma, akaniuliza kama nimepigwa na jua.

"Mama yangu alikuwa anafanya hivi," nikamwambia.

"Mama yako alikuwa na mashine?"

"Alikuwa na jembe dogo na kiburi."

Mutuma alitoa simu akanionyesha video. Mashamba ya Brazili, ya Ajentina, ya Australia, mashine kubwa kama kanisa zinapita juu ya majani. Akasema dunia inaacha kulima. Akanieleza kwamba ardhi isipogeuzwa inashika maji, haibebwi na upepo, minyoo inaichimba yenyewe, na dizeli inabaki kwenye tangi. "Huu ni ukulima wa kisasa," akasema. Nilitazama wale wazungu wenye kofia wakichota udongo na kuunusa, nikasema moyoni: Mama Maduong', wamekufikia.

Lakini wao walijua kwa nini wanafanya. Mimi kwa muda mrefu sikujua kwa nini wewe ulifanya.

Miguu yako niliisikia kwanza hapa hapa, kwenye majani. Nilikuwa natembea nyuma ya mashine, ikasimama mbali kidogo, kukawa kimya. Ndipo nikasikia. Unakumbuka mguu wako wa kushoto uliburuta. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili ulifuta. Kwenye ardhi iliyolimwa mtu hasikiki, udongo unameza. Kwenye mabua kila hatua inasema. Miaka yote ile nilikujua kwa sauti hiyo, ukipita gundani: kra, halafu shhh. Kra, halafu shhh. Ilikuwa nyuma yangu, mchana, jua likiwaka. Niligeuka. Hakuna mtu. Majani yamelala, hayana hata upepo. Mutuma akaniona.

"We Mjaluo, unatafuta nini huko nyuma?"

"Kuna mtu amepita."

"Hapa? Hapa hata majini hawawezi kuishi, tumepiga dawa ya magugu."

Watu walicheka, nikacheka nao. Lakini ulirudi kesho yake. Umerudi kila msimu wa kupanda tangu tukuzike. Wakati wa mavuno huji, wakati wa kupiga dawa huji. Unakuja tu chuma kikiwa karibu na udongo. Unatembea nyuma yangu, na nikisimama unasimama. Siogopi kwamba utanidhuru. Ninachoogopa ni kwamba unatazama chini. Hilo siwezi kulieleza, lakini najua. Unatazama kila mahali kile kisahani kilipochana. Na mimi nimeanza kutazama pia. Najikuta nimeinama, natafuta kitu cha rangi ya bluu.

Ile siku ya mwisho niliyolima gunda, unaikumbuka kuliko mimi. Tulikuwa karibu na ule mti wa ng'owo. Plau ilikwama kidogo, si kama imegonga jiwe, ilikwama kama mtu aliyeshikwa nguo. Nikawasimamisha ng'ombe. Udongo ulipolala upande, palikuwa na shanga. Shanga ndogo za bluu, zimeshikana kwenye kiwaya chembamba, duara dogo ambalo ningeweza kulivaa mkononi. Niliinama nizichukue. Sikukusikia ukija. Mkono wako ulitangulia wangu. Ukazifunga kwenye pindo la leso, ukasimama, na uso wako sikuujua.

"Fungua ng'ombe," ukasema.

"Mama, bado nusu ya shamba."

"Fungua ng'ombe, nyathina. Waende wakanywe maji."

Nusu ile ulipanda kwa jembe dogo. Na msimu uliofuata hukuniita. Nilidhani zilikuwa shanga za bibi fulani wa zamani, na wewe umeogopa uchawi. Gunda huwa na vitu, vigae, mifupa ya ng'ombe, pete. Sikuuliza. Ulipokwenda kwenye mkutano wa kilimo kule kanisani, wanawake walirudi wakikuiga. Walisema ulimwinulia mkono afisa wa kilimo, ukamuuliza mbele ya watu: "Mwanangu, kuna njia ya kupata mahindi bila kuamsha ardhi?" Kanisa zima likacheka. Afisa hakucheka. Akasema iko, na akakufundisha mashimo, na mabua, na kupanda maharage katikati. Mimi nilisikia kichekesho hicho nikakisimulia Masara ndani ya shimo, na wachimbaji wakacheka pia.

Mama aliyenizaa ndiye aliyeniambia. Ilikuwa siku ya kukuzika. Vijana walikuwa wanachimba kaburi lako upande wa kushoto wa mlango, wanachimba refu, na yeye alikuwa anamenya ndizi kando ya sufuria. Akatazama lile kaburi muda mrefu. Akasema, "Hili ni la mtu mzima. Watoto hawachimbiwi hivi. Watoto wanafunikwa tu kidogo." Nikamuuliza watoto gani. Akashangaa kwamba sijui.

"Wa nyieka wangu, mke mwenzangu. Unafikiri hakuzaa? Alizaa kule gundani, kabla mimi sijaolewa. Wawili, wengine wanasema watatu. Hawakumaliza hata mwezi. Wakafunikwa nyuma ya nyumba yake, nyumba ikaanguka, babu yako akapanda mtama juu. Alikuwa na kiburi yule, tuligombana maisha yote, lakini hilo sikuwahi kumtupia." Akafuta macho kwa kiganja, akasema ni moshi. "Usimwambie Otieno. Mkewe akisikia hatapika mahindi ya pale tena."

Ndipo nikaelewa kwamba zile zilikuwa shanga za kiunoni mwa mtoto, nikaelewa mfereji wa kando ya njia. Nikaelewa fimbo na ng'ombe wa majirani, kwato zao na uzito wao. Dunia nzima imeacha kugeuza udongo ili mvua isipotee. Wewe uliacha ili wasiamshwe. Na katika kutafuta namna ya kuwaacha walale, ukatulisha sisi sote.

Kinachonila ni hiki. Kabla ya siku ile nilikuwa nimelima gunda misimu mingi. Na wewe ulikuwa unakuja na uji, unakaa chini ya ng'owo, unatazama ng'ombe wakipita. Kila mstari. Ulikuwa unawaza nini? Ulijua walipo, au ulikuwa umepoteza alama, unaomba tu plau isifike? Hukuwahi kunipigia kelele nisimame. Kazi ilikuwa kazi, na njaa ilikuwa njaa. Ulinipa uji, ukasema, "Umenyoosha vizuri, wuoda."

Leo, baada ya kuandika mpaka hapo, nimempigia Otieno. Nimemwambia yote, na shanga, na kaburi. Nilijua nakiuka maneno ya mama. Lakini huwezi kumzuilia mtu trekta kisha ukamnyima sababu.

Akasema, "Kwa hiyo tumekuwa tukiwala."

"Tumekuwa tukila mahindi, Otieno."

"Usinifundishe kusema." Nikasikia anapumua. Otieno si mtu mbaya, Mama. Ana watoto wanaokua, na miwa imewavuta wenzake wote. Akasema, "Sawa. Nionyeshe ni wapi. Nitaweka vijiti, trekta izunguke. Hata eneo kubwa, nitaacha."

Lakini sijui ni wapi. Nyumba yako ya kwanza haina hata jiwe. Shanga zilitoka karibu na ng'owo, lakini plau huburuta, na kabla yangu kulikuwa na plau nyingine. Mama hakujua. Baba hakusema. Aliyejua ni wewe, na sidhani kama wewe ulijua tena. Ndiyo maana hukutenga kipande. Uliacha lote.

"Siwezi kukuonyesha," nikamwambia. "Labda ni popote."

"Popote?"

"Popote."

Nyuma yake nilisikia trekta ya jirani ikinguruma, inakwenda, inarudi. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi njoo mwenyewe na kile kijembe chenu. Mimi siwezi kuingia mle tena, mpaka nikuone umeingia wewe."

Nimekwenda kwa Mutuma nimwombe ruhusa. Kupanda kumekaribia, na anayeondoka sasa hakuti nafasi yake. Amenitazama akaniuliza kama nimefiwa. Nimefikiri. Nimemwambia ndiyo, ni watoto, ni wa zamani. Ameniambia niende.

Kwa hiyo nakuja, Mama Maduong'. Ng'ombe hatuna. Nitachora ule mfereji wa kando ya njia kwa jembe la mkono, nitapiga mluzi peke yangu kama mwendawazimu, ili boma lisikie na Otieno aende kwenye mashamba yake mengine na trekta yake. Kisha nitavua viatu, nitaingia gundani. Palivyo sasa pamejaa magugu. Nitayakata yalale juu ya mabua yako ya mwisho. Nitapanda shimo baada ya shimo, kina cha kiganja, sitazidisha. Sijui zile shanga ulizipeleka wapi. Kama ulizirudisha mle, tafadhali tembea mbele yangu safari hii, si nyuma. Nikisikia kra, halafu shhh, nitajua hapo niruke.

Wasalimie wanao wadogo, wakubwa zangu. Waambie hatutawaamsha.

Ni mimi,
mwanao uliyepewa pamoja na jogoo.